Jamani, ile diski tupu tusiisahau

Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu, na wapo walioanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Bumu limekata, hilo kweli, lakini nipo. Nilikuwa nyumbani, Bisibo, na safari yenyewe haikuwa ya kusalimia wazee. Nilikwenda kuomba radhi.

Nitaeleza yote, ila kwanza niseme kwa nini naandika. Mwaka huu karibu nusu ya darasa letu la ualimu wa sayansi tumechukua mada moja kwenye mradi wa utafiti: kupima kama dawa za mitishamba zinaua bakteria. Huyu ana mlonge, yule mwarubaini, mwingine kitunguu swaumu, mimi nina majani ya bibi yangu. Na kila siku kwenye magrupu yetu naona picha za visahani, duara limekaa safi katikati, chini mtu kaandika "dawa ya babu imethibitishwa na sayansi". Watu wanapiga makofi. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kutuma. Sasa naomba mnisikilize kabla hamjatuma nyingine.

Kwa wasiopajua kwetu, Bisibo ipo wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Ukitoka Dar unakaa kwenye basi mpaka miguu inavimba, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, halafu unashuka Nyakanazi, pale barabara ya Ngara na ile ya Kigoma zinapogawana. Baada ya hapo ni bodaboda na vumbi. Sisi ni Wasubi, na lugha yetu ni ndugu na Kihangaza cha Ngara na Kirundi cha ng'ambo, ndiyo maana hata majina ya majani yanafanana fanana pande zote za mpaka.

Jani langu mimi ni muravumba. Warundi na Wanyarwanda wanauita umuravumba, vitabuni ni Tetradenia riparia. Ni kichaka kinachoweza kumzidi mtu urefu. Majani yake yana vinyweleo laini, ukiyafikicha yananata vidoleni na harufu inabaki mpaka jioni. Hauhitaji mbegu, unakata tawi, unachomeka uani, linashika. Bibi anao pembeni ya jiko. Kikohozi, mafua, tumbo, kijipu kinachoanza, mkono wake unakwenda hapo kwanza.

Na msidhani ni hadithi za bibi tu. Upande wa pili wa mpaka, Butare nchini Rwanda, mkemia Luc Van Puyvelde na wenzake waliuchambua mmea huu, na mwaka 1986 wakachapisha kwamba ndani ya majani wametenga kemikali moja ya jamii ya daiterpini iliyozuia bakteria na fangasi kadhaa maabara. Huku kwetu, Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na leo ndiyo Taasisi ya Tiba Asilia. Watafiti wake walifika Kagera yenyewe, kata za Bugabo na Katoro kule Bukoba na kijiji cha Kikuku wilaya ya Muleba, wakaandika mimea na matumizi yake, makala zikatoka kati ya 2009 na 2012. Kabla yao, mwaka 2007, ilitoka kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu mimea inayotumika Bukoba Vijijini kwa magonjwa nyemelezi ya UKIMWI. Kwa hiyo nilipochagua muravumba nilijiona nimeingia kwenye ukoo wenye heshima. Nilichukua mada yao, ila subira yao sikuichukua.

Haya, kwa ndugu zangu wa Historia na Kiswahili ambao hamjawahi kuvaa koti jeupe, kazi inakwenda hivi. Unakausha majani kivulini, unayasaga, unaloweka unga wake kwenye methanoli siku kadhaa, unachuja, unaikausha methanoli, unabaki na kitu cheusi kinachonata kama lami. Hicho ndicho tunakiita ekstrakti. Unaipima uzito, unaiyeyusha tena kwa kipimo unachojua, halafu unaidondoshea kwenye vidiski vya karatasi vyenye upana wa milimita 6.

Pembeni unaandaa bakteria. Mimi nilitumia Staphylococcus aureus, huyu wa majipu na vidonda, na E. coli wa tumboni. Huwamwagi tu. Unalinganisha ukungu wa maji yao na chupa ya kipimo cha 0.5 cha McFarland, ambayo ni kama bakteria milioni 150 kwa kila mililita, ili wengi au uchache wao usikudanganye. Unawapaka kwenye kisahani chenye agari, unapanga diski juu, unaweka kwenye inkubeta nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi kisahani chote kimeota utando, isipokuwa pale ambapo kitu kimewazuia. Hapo panabaki duara wazi. Unachukua rula unapima upana wake.

Rahisi, sio? Urahisi huo ndio mtego wenyewe.

Kwenye kila kisahani zinatakiwa diski za aina tatu. Ya ekstrakti. Ya antibayotiki inayojulikana, sisi tulikuwa na gentamisini, ili ujue bakteria wako ni wa kawaida na wanakufa wanapotakiwa kufa. Na ya tatu ni ile tunayoiita diski tupu, yenye methanoli peke yake, isiyo na jani lolote, iliyokaushwa vile vile kama nyingine. Ikiwa hiyo tupu nayo imetoa duara, basi duara la ekstrakti yako halina maana, maana huwezi kujua kilichoua ni jani au ni spiriti.

Mzunguko wangu wa kwanza sikuweka diski tupu. Ndiyo, nakiri hadharani. Diski zilikuwa chache, inkubeta tunapokezana kwa foleni, na nikajiambia methanoli itakuwa imeshapaa tu. Asubuhi nikafungua, kwa Staphylococcus duara la milimita 17. Jamani! Mikono ilitetemeka. Nikapiga picha, na ndani ya dakika tano ilikuwa imefika Bisibo kwenye simu ya binamu yangu, na maneno haya: "Mwambie bibi dawa yake tumeipima chuo, inaua wadudu wa vidonda."

Binamu akaionyesha nyumba nzima. Halafu jirani. Halafu sokoni.

Siku chache baadaye teknishani wetu wa maabara, mzee mpole asiyependa makelele, akachungulia daftari langu. Akauliza swali moja tu: "Mwalimu mtarajiwa, diski yako tupu iko wapi?" Nikababaika. Akaniambia nirudie yote, na safari hii akanisimamia. Kwanza tukafanya kama nilivyofanya mimi, diski nikaziweka zikiwa bado na unyevu, ila tukaongeza ile tupu. Diski tupu ikatoa duara la milimita 11! Yaani methanoli peke yake, bila jani, ilikuwa inaua. Tukarudia tena, diski zimekauka sawasawa. Tupu haikutoa kitu. Ekstrakti ikatoa milimita 10, gentamisini pale pale ikiwa na 22. Kwa E. coli muravumba haukufanya lolote.

Kwa hiyo jibu halikuwa sifuri. Kuna kitu ndani ya lile jani, kama watu wa Butare walivyoona zamani. Lakini ni kitu kidogo, kwa kipimo kikubwa nilichodondosha. Msimamizi wangu akaniongezea lingine: upana wa duara wenyewe sio kipimo cha ubora wa dawa. Kemikali yenye asili ya mafuta mafuta haisambai vizuri kwenye agari, inaweza kuwa kali ikatoa duara dogo, na nyepesi inayosambaa haraka ikatoa duara kubwa. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa dhati wanaendelea mpaka kutafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria wasiote. Kama ekstrakti inahitaji zaidi ya miligramu 1 kwa mililita kufanya kazi, wengi wanaihesabu dhaifu. Ikifanya kazi chini ya mikrogramu 100 ndipo wanaanza kuchangamka. Mimi huko sikuwa nimefika hata mlangoni.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Picha ya kwanza niliituma ndani ya dakika tano. Ya pili sikuituma. Nilisema nitaandika kesho, kesho ikawa keshokutwa, mara tuna testi, mara nikasema kwani kuna ubaya gani bibi akifurahi. Wiki tatu zikapita.

Halafu binamu akapiga. Mtoto wa jirani, darasa la tatu, alijikata na jembe kwenye muundi wa mguu. Kidonda kikatunga usaha, mtoto akapata homa. Mama yake akawa anakibandika muravumba asubuhi na jioni, siku kumi na moja, kwa sababu chuo kimepima. Walipomfikisha hospitali usaha ulishaingia kwenye mfupa. Wamemfungua, wamekwangua, amelazwa.

Nikakopa nauli kwa watu watatu, wenyewe mnajijua na ninawashukuru, nikapanda basi.

Mtoto nimemkuta ameruhusiwa. Mzima, anacheka, ila ule mguu anaukanyaga kwa kuuogopa. Nikamwendea mama yake. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akaenda kuniletea uji. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na huo uji ulinishinda kumeza. Nikamweleza lile duara lilikuwa la spiriti zaidi kuliko la jani, na kwamba nilijua na sikusema. Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi bibi yako nimemfahamu miaka yote. Safari hii sikumsikiliza yeye. Nilikusikiliza wewe."

Sikuelewa mpaka nilipofika kwa bibi. Bibi ndiye alikuwa amekasirika. Aliponipokea shikamoo yangu hakunitazama. Akaniuliza nani aliniambia muravumba ni dawa ya kidonda chenye homa. Nikasema, bibi, si wewe unautumia kwenye majipu? Akasema: "Kijipu kinachoanza. Mtu akishapata homa, mshipa umevimba mpaka kwenye nena, mimi siugusi, namwambia nenda hospitali. Nilimwambia huyo mama. Akanionyesha simu."

Akanionyesha simu. Wadau, nimelala na hayo maneno siku nyingi sasa.

Maana yake ni hii. Bibi ambaye hajamaliza darasa la nne alikuwa na mpaka kwenye elimu yake. Alijua jani linafaa wapi na likomee wapi. Miaka yote kile kijiji kiliishi na muravumba na mpaka wake. Aliyeuvunja mpaka ni mimi, msomi, kwa picha moja isiyo na diski tupu. Tunapenda kusema sayansi inakuja kusafisha imani za vijijini. Safari hii ni mimi niliyepeleka imani kijijini, nikaivalisha koti jeupe.

Ndiyo hoja yangu ya leo, na nitaitetea mbele ya yeyote: kisahani hakithibitishi dawa. Kisahani kinasema jambo moja tu, kwamba hapa inafaa kuendelea kutafuta. Mwenye haraka ya kukisemea zaidi ya hapo hamtetei babu wala bibi, anawatumia.

Fikirieni. Jik inaua bakteria kwenye kisahani kuliko ekstrakti zote za darasa letu tukizijumlisha. Siki inaua. Spiriti, kama nilivyojionea, inaua. Nani atakunywa Jik kwa kuhara? Kuua bakteria kwenye agari ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuwaua ndani ya mtu bila kumuua mtu, na kisahani hakina ini, hakina figo, hakina damu. Mguu wa yule mtoto usaha ulikuwa chini ya ngozi, ndani ya mfupa, na jani limebandikwa juu. Hata kama duara langu lingekuwa la kweli, lingefikaje huko?

Na kuna upande wa pili, msije mkasema nimehamia kwa wanaocheka mitishamba. Wapo hapa chuoni, tena wengi, kwao kila jani ni ushirikina. Nawauliza nao: diski yenu iko wapi? Maana anayesema haifai bila kupima ni ndugu yake anayesema inafaa bila kupima. Tena hata jibu la hapana lina masharti. Bibi hatumii methanoli. Anachuma majani mabichi, anayafikicha, anayakamua. Sisi tukakausha, tukasaga, tukaloweka kwenye spiriti. Tumepima kitu ambacho hakuna mtu Bisibo amewahi kukitumia, halafu tunatoa hukumu juu yake.

Hili la namna ya kuandaa sio dogo. Mchina Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alikuwa anahangaika na mmea wa Artemisia annua dhidi ya malaria, na matokeo yalikuwa yanapanda na kushuka. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya nne, akaona pale mgonjwa anaambiwa aloweke majani kwenye maji na kuyakamua, sio kuyachemsha. Akashuku kwamba moto ndio unaharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha kabisa vimelea vya malaria kwenye panya. Mwangalie alivyofanya baada ya hapo. Hakupiga ngoma. Akaenda kwa wanyama wengine, mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kuona kama ina madhara, ndipo wagonjwa. Alimheshimu mzee wa zamani kwa kumsoma vizuri mpaka neno la mwisho, na akamheshimu mgonjwa kwa kutomharakisha. Dawa mseto tunayopewa leo tukiugua malaria imetokana na subira hiyo.

Sisi huku tuliona subira ikikosekana inakuwaje. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500. Mimi nilikuwa mdogo sana, lakini huko kwetu bado wanasimulia magari yaliyojaa. Mti ulikuwa mugariga, na magonjwa yaliyotajwa ni mengi, kisukari, UKIMWI, saratani. Magazeti yaliripoti waliofia kwenye foleni, na yaliripoti walioacha dawa zao. Sitaki kumsema marehemu, alifariki mwaka 2021, na kikombe chake kilikuwa bei rahisi. Nasema sisi. Tulihesabu waliorudi wakisema nimepona. Nani alihesabu walionyamaza? Nani alilinganisha na wagonjwa wale wale ambao hawakwenda? Taifa zima tulikaa mbele ya kisahani kisicho na diski tupu.

Mtasema, sasa tuache? La hasha. Hitaji ni kubwa kuliko zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliozoea dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo ilikuwa na hali mbaya zaidi. Antibayotiki tunazinunua dukani kama pipi, vidonge vinne vya mafua, tunaacha kesho yake. Dawa mpya zinahitajika, na inawezekana kabisa moja yao imechomekwa uani kwa bibi wa mtu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewapa waganga nafasi yao inayotambulika. Kwa hiyo tupime. Lakini tupime kama watu watakaotumwa Bisibo kueleza.

Na hapa narudi kwetu walimu. Mnakumbuka jani lililofunikwa karatasi nyeusi? Tulilifanya sekondari, jani moja linaachwa juani, jingine linafunikwa, kesho yake unadondosha ayodini. Mojawapo ya hayo mawili ndilo kontroli. Wote tuliandika maana ya kontroli kwenye mtihani, tukapata alama mbili, tukasahau. Mimi nimeifahamu kontroli mwaka wa tatu wa chuo, kwa mguu wa mtoto wa watu. Mwaka kesho tutakuwa madarasani, na wanafunzi wetu watakuja na majani ya kwao, na watatuuliza, mwalimu, hii inatibu? Darasa ambalo mwalimu atasema ndiyo kwa sababu kaona duara, au hapana kwa sababu kaona jani, ni darasa moja. Ninataka tuwe wale watakaosema: lete na lingine lisilo na kitu, tuone.

Mimi nimejiwekea mambo matatu, anayetaka achukue. Picha yoyote ya kisahani changu itaonyesha diski zote tatu au haitoki kwenye simu. Nikikosea, sahihisho litapita njia ile ile iliyopita kosa, kwa watu wale wale, na haraka ile ile. Na matokeo yatarudi kwa aliyenipa majani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kabla hayajafungwa jalada na kupelekwa maktaba. Makala nyingi za mimea ya Kagera zipo kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo bibi hatayafungua. Yeye ndiye aliyetoa mmea, kipimo na onyo. Angalau arudishiwe jibu.

Kabla sijaondoka nilikaa naye jikoni nikamchorea kwa mkaa, sakafuni. Duara la spiriti, duara dogo la jani lake, duara la dawa ya hospitali. Akaliangalia lile la jani muda mrefu. Nikadhani atasikitika. Akasema, "Si nilikwambia, ni la kijipu kinachoanza." Akanifungia majani mengine kwenye gazeti, mabichi, na akanielekeza upya namna ya kuyafikicha na kuyakamua, polepole, kama anayemfundisha mtu ambaye mara ya kwanza hakusikiliza.

Nimeyafikisha jana. Safari hii ninapima kama anavyoandaa yeye, kwa maji. Diski tupu nimeshaziweka pembeni, tayari, za kwanza kabisa. Ya kuota yakiota nitawaambia, hata kama ni hapana.

Mnaofahamu zaidi nikosoeni. Na wewe uliyetuma picha ya mlonge jana usiku, nakupenda sana ndugu yangu, ila ile diski tupu iko wapi?

Nawasilisha.